Wagonjwa, Wakimbizi na Mwezi wa Sita 1993



Baada ya kile kipindi chetu kuhusu Ukimwi na kizazi cha wazazi wetu, msikilizaji mmoja alituandikia swali ambalo nilishindwa kulijibu kwa mistari miwili ya simu. Yeye anajitolea kwenye kikundi cha vijana kinachohamasisha watu wapime VVU. Dada yake anajitolea kwenye kikundi kingine, kinachopokea familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Vikundi vyote viwili viko mji mmoja na vinahudumia watu walewale, lakini havijawahi kukaa kikao kimoja. Wa afya wanasema mambo ya vibali na uhamiaji ni siasa, yatawaharibia kazi. Wa wakimbizi wanasema wakianza kutaja Ukimwi watawatia watu aibu. "Kwani," akauliza, "haya si mambo mawili tofauti?"

Jibu langu ni hapana. Na sisemi hivyo kwa sababu umoja ni kitu kizuri, maana hilo kila mtu analisema kwenye harusi na kwenye misiba. Nasema hivyo kwa sababu kuna wakati, hapahapa Marekani, serikali ilichukua kipimo cha damu ikakigeuza kuwa geti la mpaka. Walioweza kulitikisa hilo geti walikuwa wagonjwa na wakimbizi, pamoja. Wengi wetu tuliokulia huku hatukufundishwa habari hiyo shuleni, ingawa imegusa mpaka familia zetu. Basi vuteni viti.

Damu ya nani?

Ukimwi ulipoanza kuripotiwa Marekani mwaka 1981, hakuna aliyejua unasababishwa na nini. Na watu wakikosa jibu, hutafuta wa kumlaumu. Wataalamu wa serikali wakataja makundi yaliyo hatarini zaidi: wanaume mashoga, watumiaji wa heroini, wagonjwa wa hemofilia (wale ambao damu yao haigandi vizuri) na Wahaiti. Kwa Kiingereza majina yote manne yanaanza na herufi H, kwa hiyo ikawa rahisi kuyakariri. Sasa yaangalieni vizuri. Matatu ya kwanza yanahusu ugonjwa au maisha ya mtu. La nne ni taifa. Yaani ulihesabiwa hatari kwa sababu ya mahali alipozaliwa mama yako.

Mwaka 1985 Wahaiti waliondolewa kwenye orodha hiyo, lakini doa lilikuwa limeshaingia kwenye nguo. Watu walinyimwa kazi na nyumba, watoto wakachekwa shuleni. Halafu Februari 1990, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ikapendekeza kwamba mtu yeyote aliyetoka Haiti, au aliyetoka Afrika kusini mwa Sahara, asiruhusiwe kuchangia damu. Hebu soma tena hapo. Tumo na sisi: Mtanzania, Mkenya, Mkongo, Mrundi. Haijalishi umepima au hujapima, umeolewa au u mseja, unasali wapi. Damu yako ilishahukumiwa kwa ramani.

Tarehe 20 Aprili 1990 Wahaiti wa New York walijaa barabarani. Makumi ya maelfu walivuka daraja la Brooklyn kwa miguu kwenda Manhattan: wauguzi, madereva wa teksi, wanafunzi, kina mama na watoto wao. Kabla ya mwaka huo kwisha, FDA ikaachana na sera hiyo.

Watu wale hawakujiita wanaharakati wa afya. Walikuwa wahamiaji na wakimbizi waliochoka kutukanwa. Lakini walichofanya ni harakati za afya kabisa. Walidai sayansi iwapime watu mmoja mmoja, kwa hatari ya kweli.

Vidonge kwenye begi

Upande wa pili wa mji huohuo kulikuwa na ACT UP, kundi lililozaliwa New York Machi 1987. Wengi wao walikuwa wapenzi wa jinsia moja, wengi walikuwa wagonjwa, na karibu wote walikuwa wanazika rafiki baada ya rafiki. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa mwezi huohuo, na bei yake ilikuwa karibu dola 10,000 kwa mwaka. Hawa jamaa hawakuwa na subira. Walilala barabarani, wakakamatwa, wakatolewa, wakarudi. Walisoma tafiti wenyewe mpaka wakawa wanabishana na wanasayansi kwa lugha ya wanasayansi.

Kwa juu juu, Haiti ilikuwa mbali nao. Wengi walikuwa Wazungu, raia, wenye pasipoti. Ila mwaka huohuo wa 1987 serikali iliingiza VVU kwenye orodha ya magonjwa yanayomzuia mgeni kuingia nchini. Aprili 1989 Mholanzi mmoja, Hans Paul Verhoef, alikuwa safarini kwenda kwenye mkutano wa Ukimwi San Francisco. Alipopita Minnesota wakakuta AZT kwenye begi lake, wakamweka ndani. Hakuwa na bangi wala bastola. Alikuwa na vidonge vyake.

Mimi kazi yangu ni ufamasia, na kila nikikumbuka kisa hiki nafikiria maana yake kwa mtu wa kawaida. Ukijua kwamba dawa ndiyo itakayokukamatisha, utafanya nini? Utaiacha nyumbani. Ukiiacha, virusi vinapata nafasi ya kuongezeka, na vinaweza kujifunza kuishinda dawa hiyo. Sheria iliyodai kulinda afya ikawa inawafundisha watu kuacha dawa.

Mashirika mengi yaligomea mkutano wa kimataifa wa Ukimwi uliofanyika San Francisco mwaka 1990. Ule wa 1992, uliopangwa kufanyika Boston, ukahamishiwa Amsterdam. Hivyo basi wagonjwa wenye uraia walikuwa wameshauonja mpaka kwa ulimi wao wenyewe kabla ya yale yaliyotokea kwenye kambi moja kisiwani Kuba.

Kambi ya waya wa miba

Septemba 1991 jeshi la Haiti lilimpindua rais Jean-Bertrand Aristide, aliyekuwa amechaguliwa kwa kura. Wafuasi wake wakaanza kuwindwa. Watu wakapanda mashua za mbao wakaelekea baharini. Walinzi wa pwani wa Marekani wakawa wanawakamata majini na kuwapeleka Guantanamo, kituo cha jeshi la Marekani ndani ya Kuba. Zaidi ya watu 30,000 walipitia huko.

Huko walihojiwa. Zaidi ya 10,000 walionekana kuwa na hofu ya kweli ya kuteswa wakirudishwa, kwa hiyo walitakiwa waje Marekani kuomba hifadhi. Lakini kabla ya kuja walipimwa VVU. Asiye navyo alipanda ndege. Mwenye navyo alibaki kambini, na jamaa zake wengine wakabaki naye. Mwishowe wakawa karibu watu 270, wakiwemo watoto. Walikuwa wameshatambuliwa kwamba wana sababu ya kukimbia, na bado wakafungiwa. Juu ya hayo, wao peke yao walitakiwa wahojiwe mara ya pili palepale kambini, bila mwakilishi wa sheria. Ukishindwa, unarudi kwa wale waliokufukuza.

Mambo ya kambini yaliandikwa baadaye mahakamani, kwa hiyo si uvumi. Waya wa miba ulizunguka kote. Watu walilala kwenye vitanda vya turubai, wakatundika mashuka kati ya familia na familia ili wapate faragha kidogo. Mvua ikinyesha walifunga mifuko ya plastiki ya taka kwenye kuta za mabanda. Hakuna aliyetoka bila kusindikizwa na askari. Na jambo linaloniuma zaidi mimi kama mtu wa afya ni kwamba madaktari wa jeshi wenyewe walisema baadhi ya wagonjwa, wale ambao kinga yao ilikuwa imeshuka sana, hawawezi kutibiwa pale, watolewe. Idara ya uhamiaji ikakataa. Daktari anasema mgonjwa aende, karani wa mpaka anasema abaki, na karani ndiye anayeshinda.

Machi 1992 kesi ilifunguliwa Brooklyn. Walioibeba walikuwa wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Yale pamoja na mwalimu wao Harold Koh, na wakili Michael Ratner wa kituo cha haki za kikatiba cha New York. Nataka mjue kitu kuhusu Koh. Alizaliwa Boston, mtoto wa wazazi wa Kikorea, na baba yake alikuwa mwanadiplomasia aliyebaki uhamishoni Marekani baada ya mapinduzi ya kijeshi nchini kwao mwaka 1961. Kwa maneno mengine, ni kizazi cha pili, kama mimi na wewe. Kuna wanaosema sisi watoto wa huku hatuna letu kwenye habari za ukimbizi. Basi muwatajie huyo.

Lakini kesi peke yake ilikuwa inakwenda kwa mwendo wa kobe, na ndipo wakimbizi wenyewe walipochukua usukani. Bill Clinton aliahidi kwenye kampeni kwamba atabadilisha sera dhidi ya Wahaiti. Aliapishwa tarehe 20 Januari 1993, na siku zikapita kambi ikiwa vilevile. Mwisho wa mwezi huo wakaanza mgomo wa kula. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Yolande Jean, mwanaharakati wa siasa aliyekimbia Haiti baada ya kukamatwa na kupigwa. Fikiria: watu wenye VVU, wakati ambao tiba yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, wanaamua kwamba silaha waliyobaki nayo ni matumbo yao.

Hapo ndipo pande mbili zilipokutana. ACT UP waliingia barabarani pamoja na mashirika ya Wahaiti. Wanafunzi wa Yale na vyuo vingine wakafunga kwa zamu, mmoja akimaliza siku zake mwingine anapokea. Jesse Jackson akaenda Guantanamo kuwaona. Na usiku wa tuzo za Oscar, tarehe 29 Machi 1993, waigizaji Susan Sarandon na Tim Robbins, wakiwa na utepe mwekundu wa Ukimwi, waliacha maandishi waliyopewa wakawataja Wahaiti 266 waliofungwa Guantanamo kwa sababu ya VVU. Dunia nzima ilikuwa inatazama.

Angalieni kila upande ulileta nini. Watu wa Ukimwi walileta kelele, kamera, na ujuzi wa ugonjwa. Walikuwa na uwezo wa kusimama mbele ya afisa na kumweleza kwamba VVU haviambukizi kwa kukaa jirani na mtu, wala kwa kula naye. Wanasheria walileta hoja. Mashirika ya Wahaiti yalileta lugha, kwa sababu wakimbizi wengi walizungumza Krioli, na bila mkalimani wakili na daktari wote ni mabubu. Wakimbizi walileta kile ambacho hakuna mwingine angeweza kukileta, yaani uamuzi wao wenyewe. Walikuwa watu wa siasa tangu kwao. Hawakukaa wakisubiri mkombozi.

Tarehe tatu

Sasa tuje kwenye mwezi niliouandika kwenye kichwa cha habari.

Tarehe 8 Juni 1993, jaji Sterling Johnson wa Brooklyn aliamuru wakimbizi wale waachiwe. Alieleza kwamba hiyo ndiyo kambi pekee ya wakimbizi inayojulikana duniani iliyojaa watu wenye VVU tu, na kwamba hawa si wahalifu wala si tishio kwa usalama. Ndani ya mwezi huo walianza kutua Miami na New York. Kazi ya kuwatafutia vyumba, madaktari na nguo za baridi ikawaangukia mashirika ya Wahaiti na baadhi ya watu wa ACT UP, wale wale waliopiga kelele. Sehemu hii haiingii kwenye filamu, lakini ndiyo ndefu zaidi.

Tarehe 10 Juni, siku mbili tu baadaye, Clinton alitia saini sheria ambayo ndani yake marufuku ya wageni wenye VVU iliandikwa rasmi na Bunge. Kabla ya hapo wizara ya afya ingeweza kuibadilisha yenyewe. Sasa ikawa haiwezi.

Tarehe 21 Juni, Mahakama ya Juu, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ikasema serikali inaweza kuendelea kuwakamata Wahaiti baharini na kuwarudisha moja kwa moja bila hata kuwahoji. Na mwaka uliofuata, kwenye makubaliano ya kumaliza kesi, hukumu ya jaji Johnson ikafutwa ili isitumike kama mfano kwa wengine.

Yaani ndani ya siku 13 walishinda na kushindwa. Mimi sioni sababu ya kulificha hilo. Watu karibu 270 walitoka kwenye waya wa miba wakiwa hai, na huo si ushindi mdogo kama wewe ni mmoja wao. Lakini geti lilibaki. Ndiyo maana hadithi hii haikuishia kwa Wahaiti, ikafika mpaka kwetu.

Ikafika Kigoma na Kakuma

Kuanzia hapo hadi mwanzo wa 2010, wakimbizi waliotaka kuhamishiwa Marekani, watu wazima, walipimwa VVU kwenye ule uchunguzi wa afya wa kabla ya safari. Wabantu wa Somalia waliotoka kambi ya Kakuma kuanzia 2003 na 2004 walipimwa. Warundi waliokimbia mwaka 1972, wakaishi ukimbizini miongo mitatu na zaidi, kisha wakaletwa huku kutoka kambi za Tanzania kuanzia 2007, walipimwa. Wakongomani walipimwa. Aliyekutwa navyo hakukataliwa papo hapo, lakini ilibidi aombewe msamaha maalumu, na faili lake likaenda njia ndefu kuliko la jirani yake.

Hebu mweke mama mmoja akilini. Amekaa kambini miaka, jina lake limetoka ubaoni, ameambiwa kesho ni kipimo. Anajua kuna jirani ambaye faili lake "limekwama" baada ya kipimo, na hakuna anayesema kwa nini. Kwenye kichwa cha huyo mama, sindano ya damu na muhuri wa pasipoti vimekuwa kitu kimoja. Miaka 15 baadaye anaishi Ohio, au Minnesota, au Texas. Kijana mmoja mwenye fulana nzuri anamkuta nje ya kanisa au msikiti anamwambia, "Mama, njoo upime, ni bure na ni siri." Unadhani anasikia nini?

Ndiyo maana sikubaliani na kikundi cha afya kinachosema uhamiaji hautuhusu. Kama hujui damu ya huyo mama iliwahi kutumiwa kwa kazi gani, utarudi ofisini ukiandika kwamba jamii yetu "ina mwamko mdogo". Mwamko anao sana. Anakumbuka.

Na kuna kinaya kimoja. Mwaka 2003 Marekani ilianzisha PEPFAR, mpango ambao umelipia dawa za kupunguza makali kwa mamilioni ya watu, wakiwemo wengi Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa serikali ileile ilimnunulia mtu dawa akiwa Dar es Salaam, na ikamzuia mtu yuleyule mlangoni akitaka kuja kumwona mwanawe. Ilimtaka awe mzima, ila awe mzima hukohuko.

Geti hilo lilifunguliwa hatua kwa hatua. Mwaka 2008 Bunge liliondoa marufuku kwenye sheria, ndani ya sheria ileile ya kuendeleza PEPFAR. Wizara ikabadilisha kanuni mwaka 2009, na tarehe 4 Januari 2010 marufuku ikafa. Mwaka 2012 mkutano wa kimataifa wa Ukimwi ukarudi Marekani, Washington. Kutoka 1987 ni miaka 22 na ushee.

Siku moja, kalamu moja

Mtu anaweza kusema hayo ya kale. Basi twende tarehe 20 Januari 2025. Siku hiyo, rais aliyeapishwa tena Marekani alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Siku hiyohiyo alitia saini amri nyingine ya kusimamisha misaada ya nje, na kliniki zinazotegemea fedha za PEPFAR zikatikisika. Mkimbizi wa Kongo aliyekuwa amekwisha kufunga mizigo akaambiwa hakuna safari. Mgonjwa aliyekwenda kuchukua dawa akakuta mhudumu hajui kama kesho mlango utafunguliwa. Tunaweza kugawana vikundi tupendavyo, lakini aliyetia saini hakutugawa.

Mwezi uliofuata kesi mbili zilifunguliwa. Moja ilipelekwa na mashirika, likiwemo la kupambana na Ukimwi, yaliyodai fedha zilizokwisha kupitishwa. Nyingine ilipelekwa na mashirika ya kupokea wakimbizi, na mlalamikaji wake wa kwanza ni mkimbizi kutoka Kongo aliyekuwa amepangiwa ndege yeye, mke na mtoto. Mwezi huohuo Guantanamo ilianza tena kupokea wahamiaji waliokamatwa. Na mwaka huohuo serikali iliondoa mwongozo uliokuwa unazuia maafisa wa uhamiaji kukamata watu hospitalini, na taarifa za watu wanaotibiwa kwa bima ya serikali ya Medicaid zikapelekwa kwa idara ya uhamiaji, hadi majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kupinga.

Wasikilizaji wetu wa Uingereza wameshaipitia hii. Kuanzia Januari 2017 huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilikuwa na makubaliano rasmi ya kuipa wizara ya mambo ya ndani taarifa za wagonjwa, kama anwani, ili iwatafute watu wasio na vibali. Madaktari, mashirika ya Ukimwi na mashirika ya wahamiaji waliungana kupinga, na mwaka 2018 makubaliano hayo yakaondolewa. Tazama tena nani walikuwa chumbani: daktari, mgonjwa, mhamiaji.

Basi tufanye nini?

Kwa ndugu yetu aliyeuliza, na dada yake, haya ndiyo ninayoyaona.

Kwanza, kikao kimoja. Kikundi cha afya kiwaombe watu wa wakimbizi wawafundishe historia ya kipimo kambini. Kikundi cha wakimbizi kiwaombe watu wa afya wawafundishe VVU ni nini leo: mtu anayekunywa dawa kila siku na virusi vyake vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Aibu hulishwa na habari za zamani.

Pili, sentensi ya kwanza ya kumwalika mtu kupima isiwe "ni bure". Iwe "matokeo yanakwenda kwa nani". Kabla ya kusema hivyo, hakikisheni mnajua jibu: nani anaandika jina, linakaa wapi, nani anaweza kuliona. Kama hamjui, ulizeni kliniki mnayofanya nayo kazi, na msiahidi msichokijua.

Tatu, wajulisheni watu haki za kawaida. Marekani, hospitali yenye chumba cha dharura inapaswa kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana hela wala karatasi. Hiyo ni sheria ya mwaka 1986. England, matibabu ya VVU ni bure kwa kila mtu tangu Oktoba 2012, hata asiye na kibali, na kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakuhitaji kuonyesha kibali.

Nne, ukalimani. Najua wangapi kati yenu mlikalia kile kiti cha katikati, kati ya daktari na mama, mkiwa na miaka tisa. Huku Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na hazitakiwi kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura. Dai hilo kwa ajili ya shangazi yako. Mtoto asiwe wa kwanza kujua kwamba mama yake anaumwa, na mama asilazimike kuficha jambo kwa sababu mkalimani ni mwanawe.

Tano, walio ndani waongoze. Guantanamo mgomo ulianza kambini, waliokuwa nje wakaufuata. Kama kwenye kamati yenu hakuna hata mtu mmoja aliyeishi kambini au anayeishi na VVU, mnafanya kazi nzuri juu ya watu, bado hamjafanya kazi na watu.

Neno la leo: mshikamano

Kama kawaida tunamalizia na neno, kwa wale mnaojifunza kuandika Kiswahili cha nyumbani.

Anza na kushika. Ukishika kitu, wewe ndiye mwenye nguvu, chenyewe kimetulia tu. Halafu kushikana: wawili, kila mmoja anamshika mwenzake, kama kushikana mikono, na mmoja akiachia basi imekwisha. Kisha kushikamana: vitu vimegandana kiasi kwamba ukivuta kimoja kingine kinakuja nacho, kama ukoko na sufuria. Ukitaka kuutenganisha lazima uloweke usiku kucha. Kutoka hapo tunapata mshikamano.

Huruma ni neno zuri pia, silikatai. Lakini huruma inaweza kubaki upande mmoja: mimi nimesimama, wewe umeanguka, nakuonea. Wale wa ACT UP na Wahaiti walikuwa na kitu kingine. Mwenye pasipoti alijua kwamba geti lililomfunga Mhaiti lilitengenezwa kwa ugonjwa wake yeye, na kwamba likiachwa lisimame litatafuta mwingine wa kumfungia.

Tuandikieni kama familia yenu ina kumbukumbu za kile kipimo cha kambini. Hatutataja majina. Tungependa kipindi kijacho kisikike kwa sauti za kina mama wenyewe, wakiwa tayari. Wasipokuwa tayari, tutasubiri.